Kitenzi “take” kinapomkwaza Mchina: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayezungumza Kiswahili na kuwafundisha Wachina Kiingereza, iwe darasani Guangzhou, mtandaoni, au jioni baada ya kazi kwenye kambi ya ujenzi wa barabara. “Take” ni kitenzi kifupi, kinaonekana chepesi, na mwanafunzi hukutana nacho mapema sana. Hata hivyo mtu aliyesoma Kiingereza miaka kumi anaweza kusema “eat medicine”, “send you to the airport” na “it spent me two hours” ndani ya mazungumzo ya dakika tano.

Makosa hayo hayaanzii kwenye Kiingereza. Kabla sentensi haijatoka mdomoni, kitenzi cha Kichina kimeshapita kichwani, na hicho ndicho cha kusaka. Kichina hakina neno moja linalofanya kazi zote za “take”. Kina zaidi ya kumi, kila moja na mahali pake. Ukisahihisha sentensi ya Kiingereza bila kugusa kitenzi cha Kichina kilichoizaa, kosa litarudi wiki ijayo likiwa na nomino nyingine.

Anzia kwenye Kichina chake

Kupima hakuchukui zaidi ya dakika mbili. Andika sentensi kama alivyoisema, bila kuirekebisha. Mwombe aiseme kwa Kichina, na kama wewe husomi herufi za Kichina, aiandike kwa pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Piga mstari chini ya kitenzi. Mwisho muulize kitenzi hicho kikiwa peke yake kina maana gani. Jibu lake litakuelekeza kwenye dalili mojawapo kati ya zinazofuata.

Usiruke hatua ya pili hata kama unadhani kosa unalijua. Sentensi “I take money” inaweza kuwa imezaliwa na 拿 ná, kushika au kuchukua kwa mkono; au 带 dài, kuwa na kitu ukiwa njiani; au 取 qǔ, kutoa pesa benki. Kwa macho ni kosa moja. Kwa tiba ni matatu.

Dalili: “eat medicine”, “sit bus”, “wash a bath”, “remember notes”

Hili ndilo kundi kubwa kuliko yote, na ukilimudu umepunguza nusu ya kazi.

Chanzo ni kwamba Kichina hutaja tendo lenyewe, wakati Kiingereza hulificha ndani ya nomino. Kwa Mchina, dawa huliwa: 吃药 chī yào. Ya mitishamba iliyochemshwa yaweza kunywewa, 喝药 hē yào. Basi, treni, ndege na hata lifti hukaliwa, 坐 zuò. Picha ni 拍照 pāizhào, kuoga ni 洗澡 xǐzǎo, kuandika muhtasari darasani ni 记笔记 jì bǐjì, kupima joto la mwili ni 量体温 liáng tǐwēn, na kupumzika ni 休息 xiūxi. Vitenzi vinane tofauti, na Kiingereza kinavijibu vyote kwa “take”. Mwanafunzi makini huuliza: dawa inachukuliwa kupelekwa wapi? Swali ni zuri, na jibu la “ndivyo Waingereza wanavyosema” halimsaidii.

Mwalimu wa Kiswahili ana dawa ya swali hilo ambayo wengi hawaitumii. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga magoti. Hakuna mtoto aliyefundishwa orodha ya maana za “piga”. Alijifunza “piga pasi” kama kitu kizima, akaelewa kwamba maana imekaa kwenye pasi, na “piga” ni mkokoteni tu wa kuibebea. Kichina nacho kina mkokoteni wake, 打 dǎ, ambao maana yake ya kwanza ni kupiga kwa mkono: 打电话 dǎ diànhuà ni kupiga simu, 打鼓 dǎ gǔ ni kupiga ngoma, 打针 dǎ zhēn ni kupiga sindano, 打喷嚏 dǎ pēntì ni kupiga chafya, 打哈欠 dǎ hāqian ni kupiga miayo. Teksi nayo hupigwa, 打车 dǎ chē. Mweleze hivi: “take” kwa Mwingereza ni kama 打 kwako. Huulizi chafya inapigwaje, basi usiulize dawa inachukuliwaje. Mwandikie 打电话, 打针, 打车 upande mmoja wa ubao na “take medicine, take a bus, take a photo” upande wa pili, umpe dakika aangalie mwenyewe.

Baada ya hapo, fundisha kwa nomino. Chukua kadi sita kwa somo moja, zisizidi, kila kadi na nomino upande wa mbele na usemi mzima upande wa nyuma. Nomino iandikwe pamoja na kinachoitangulia, kwa sababu Kichina hakina “a” wala “the”, na mwanafunzi akikosa kuvijifunza hapo hatavipata kwingine: take a shower, take a break, take the bus, take the lift, lakini take notes kwa wingi, na take medicine bila chochote mbele. Kadi ikiandikwa “shower” peke yake, utakuja kusikia “I take shower” miezi sita baadaye.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, si kila kisicho na “take” ni kosa. “I showered”, “I rested” na “The nurse measured my temperature” ni Kiingereza safi, na ukiyakata kwa wino mwekundu unamfundisha mtu kuogopa. Ya pili, Waingereza husema zaidi “have a shower” na Wamarekani “take a shower”. Mwanafunzi aliyekulia kwenye filamu za Marekani na anayetumia kitabu cha Kiingereza cha Uingereza atakuletea vyote viwili. Vyote viwili ni sahihi.

Baiskeli na ngazi zinahitaji neno lake pembeni. Kichina kina 骑 qí, kupanda kitu kwa kukitagaa, nacho hulingana na “ride”: ride a bike, ride a motorbike. Ukimwambia tu kwamba usafiri wote ni “take”, utasikia “I take my bike to work”, ambayo kwa Mwingereza yaweza kumaanisha ameibeba. Ngazi kwa Kichina hutembewa, 走楼梯 zǒu lóutī, lakini kwa Kiingereza ni “take the stairs”.

Dawa: kosa lisilosubiri

Anayesema “eat medicine” ataeleweka hospitalini. Hatari iko kwenye kusikia. Daktari akiuliza “Are you taking any medicine?”, anataka kujua kama kuna dawa zozote unazotumia siku hizi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -ing ni “sasa hivi” hujitazama, haoni kidonge mkononi, anajibu “No”, kumbe anatumia vidonge vya presha kila asubuhi.

Mfundishe sentensi hiyo mapema, kabla ya picha na teksi, pamoja na jibu kamili: “Yes, I take one tablet every morning.” Ongeza maelekezo yanayoandikwa kwenye pakiti: “take two tablets three times a day”, “take with food”, “take on an empty stomach”. La mwisho kwa Kichina ni 空腹 kōngfù, tumbo tupu, na linalingana vizuri. Mwache asome pakiti halisi kwa sauti, kisha aeleze kwa vidole: vidonge vingapi, mara ngapi, kabla au baada ya kula. Vidole havidanganyi.

Dalili: “I by bus go to work”

Chanzo: Kichina husema 我坐车去上班 wǒ zuò chē qù shàngbān, mimi-kukaa-gari-kwenda-kazini. Usafiri hutangulia safari. Mwanafunzi ameambiwa kwamba “by bus” ndiyo 坐车, kwa hiyo anaiweka palepale na kuifanya kitenzi.

Tiba: mpe “I take the bus to work” kama umbo la msingi, maana mpangilio wake uko karibu na Kichina chake. “I go to work by bus” ije wiki nyingine, na sharti lake: baada ya “by” hakuna “a” wala “the”.

Dalili: “It spent me two hours” na “From Nairobi to Mombasa needs five hours”

Hapa kuna jambo la kushangaza. Shule za China hufundisha kanuni hii kwa bidii sana, “It takes somebody some time to do something”, na tofauti kati ya take, spend, cost na pay ni swali maarufu la mtihani. Mwanafunzi anaweza kukukaririria kanuni nzima, halafu sentensi inayofuata akaiharibu.

Chanzo ni 花 huā, kitenzi kinachotumia muda na kutumia pesa bila kubagua: 我花了两个小时 wǒ huāle liǎng ge xiǎoshí, nimetumia saa mbili. Na pale ambapo hakuna mtu wa kutajwa, Kichina hutumia 要 yào, kuhitaji: kutoka hapa hadi pale kunahitaji saa tano. Ndiyo maana abiria wa treni ya SGR husema “needs five hours”. Kanuni ya shuleni inaanza na “it” tupu, isiyo na maana yoyote, lakini mdomo wa Mchina umeshafunguka kwa 我, “mimi”. Akishasema “I”, kanuni aliyoikariri haina pa kuingilia. Akikumbuka “it” kwa kuchelewa, anaichomeka mbele ya “spent”, na hapo ndipo “it spent me” inapozaliwa.

Kwa hiyo usimkaririshe kanuni tena. Mfundishe neno la kwanza linamfungulia njia ipi:

Akifungua kwa “I”, amalizie kwa spent na kitenzi chenye -ing: “I spent two hours fixing the pump.”

Akifungua kwa “It”, amalizie kwa took na to: “It took me two hours to fix the pump.”

Akifungua kwa kitu au safari, aendelee na takes ikiwa ni muda, cost ikiwa ni pesa: “The trip takes five hours”, “The pump cost 30,000 shillings.”

Pay humhusu mtu, na hudai for: “I paid 30,000 shillings for the pump.”

Zoezi lake: wewe unasema neno la kwanza tu, “I”, “It”, “The trip”, yeye anamalizia papo hapo. Raundi kumi, kila moja isizidi sekunde tano, bila kuandika. Akijikwaa kwenye “it”, irudie hiyo mara tatu mfululizo. Angalia pia wingi, “two hours” na si “two hour”, kwa sababu 小时 xiǎoshí haibadiliki.

“I took two hours to fix the pump” nayo ni sahihi. Humulika kasi ya mtu mwenyewe kuliko ukubwa wa kazi. Usiisahihishe.

Sisi Waswahili tunateleza hapa kwa njia yetu. Kwa kuwa tunasema “safari inachukua saa tano”, “take” ya muda inatujia bila jasho, na tunashindwa kuona ugumu uko wapi. Kwa Mchina, saa hazichukuliwi. Hutumika kama pesa.

Dalili: “I will send you to the airport”, “He is taking a book”, “I took my package”

Hili ni kundi la mkono na mwendo, ambalo ndilo asili ya neno. “Take” kiliingia Kiingereza kutoka lugha ya Waviking, kutoka kitenzi taka, kikakiondoa kitenzi cha zamani niman. Maana ya kukamata na kuondoka na kitu bado iko ndani yake, na kwa sababu hiyo mwanafunzi hudhani sehemu hii ndiyo rahisi. Sivyo. Vitenzi vinne vya Kichina vinagombania nafasi moja.

送 sòng ni kusindikiza, kupeleka, na hata kutoa zawadi. Kamusi humpa “send” kama jibu la kwanza, kwa hiyo “nitakupeleka uwanja wa ndege” inakuwa “I will send you to the airport”. Msikilizaji Mwingereza anadhani atatafutiwa gari na mwenyeji atabaki nyumbani. Kanuni ni ya miguu: miguu yako ikienda pamoja na kitu au mtu, ni take. Ikibaki, ni send. “I take my son to school” humfikisha mtoto mlangoni. “I send my son to that school” inasema tu anasoma pale. Mwenzake 送 ni 接 jiē, kupokea, anayezaa “I will receive you at the station”. Badala yake: “I'll pick you up” au “I'll meet you at the station.”

拿 ná ni kuchukua, lakini pia ni kushika. 他手里拿着一本书 tā shǒu lǐ názhe yì běn shū ni “ameshika kitabu mkononi”. Kijineno 着 zhe kinaonyesha hali inayoendelea, mwanafunzi anakigeuza kuwa -ing, na tunapata “He is taking a book”. Kiswahili chako kinakusaidia kuiona tofauti: “ameshika” si “anachukua”. Kitu kikiwa kimetulia mkononi ni holding. Mtu akitembea nacho ni carrying.

带 dài ni kuwa na kitu safarini. Kikipata mkia wa 来 lái, kuja, kinakuwa kuleta, “bring”. Kikipata 去 qù, kwenda, kinakuwa kupeleka, “take”. Leta na peleka zinaoana kabisa na 带来 na 带去, kwa hiyo mwambie aangalie mkia: 来 ni bring, 去 ni take. Shida huja pale mkia unapokosekana. 你带身份证了吗 nǐ dài shēnfènzhèng le ma, “una kitambulisho chako?”, huzaa “Do you take your ID card?” Mlangoni au mezani kwa karani, swali sahihi ni “Did you bring your ID?” au “Do you have your ID with you?”

取 qǔ ni kwenda kuchukua kilicho chako: pesa benki, kifurushi, nguo kwa fundi. Kwa Kiingereza ni withdraw kwa pesa, na collect au pick up kwa vingine. Usilichukulie kwa wepesi. “He took money from the office” kwa sikio la Mwingereza inanuka wizi, na ikiandikwa kwenye ripoti ya kazi inaweza kumletea mtu maswali asiyostahili.

Dalili: “Take a photo to me”

Hapa Kiswahili kinafundisha vizuri kuliko Kiingereza chenyewe. “Nipige picha” ni mimi nitakayeonekana kwenye picha. “Nipigie picha” ni unifanyie kazi hiyo, labda ya jengo au hati. Kiingereza hufanya tofauti hiyohiyo kwa vihusishi: “take a photo of me” na “take a photo for me”. Kichina husema 给我拍照 gěi wǒ pāizhào, na 给 gěi kinaweza kubeba maana zote mbili, kwa hiyo mwanafunzi hubahatisha to, for au hukosa kabisa.

Wengi huanza kwa 帮我 bāng wǒ, nisaidie, na kusema “Can you help me take a photo?” Anayeombwa anaweza kudhani anatakiwa kushika taa au kusogeza watu. Sentensi ya kukariri ni “Could you take a photo of us, please?”, pamoja na kuonyesha simu. Kwa zoezi, panga wanafunzi watatu na simu moja, kila mmoja aombe picha yake mwenyewe, kisha picha ya mlango. Tofauti ya of me na of the door itaonekana kwenye kioo cha simu.

Dalili: “Take off it” na “The meeting was taken place”

“Take off” kinafanya kazi tatu ambazo Kichina hakizichanganyi: nguo huvuliwa kwa 脱 tuō, kofia, miwani na saa kwa 摘 zhāi, na ndege hupaa kwa 起飞 qǐfēi. Maana hizi hazisumbui sana. Mpangilio ndio unaosumbua. Nomino inaweza kukaa kokote, “take off your shoes” au “take your shoes off”, lakini kiwakilishi lazima kiwe katikati: “take it off”, “take them off”. Mwoneshe kwamba Kichina nacho hupenda kutanguliza kitu kwa 把 bǎ, 把它脱下来 bǎ tā tuō xiàlái, ambapo 它 “hicho” kinakaa kabla ya kitenzi. Kwa Kiingereza kinasogea hatua moja tu na kukaa kabla ya off.

“The meeting was taken place” ni kosa la mwanafunzi mwenye bidii. Kichina husema 会议在北京举行 huìyì zài Běijīng jǔxíng bila alama ya kutendwa. Anajua mkutano haujifanyi wenyewe, anajua Kiingereza kina kauli ya kutendwa, basi anaiongeza. Utasikia pia “was happened”, na chanzo ni hichohicho. Kwa mwalimu, “took place” ni “ulifanyika”, na “was held” ni “ulifanywa”. Kwa mwanafunzi, toa jozi: “The meeting was held on Monday. It took place in Beijing.” Aandike jozi tano za matukio ya kazini kwake, zikiwa na was upande mmoja tu.

Dalili: “Yesterday I take” na “tei-ke”

Vitenzi vya Kichina havibadiliki kwa wakati. 昨天 zuótiān, jana, imeshasema kila kitu. Hilo kila mwalimu analijua. Kosa lisilojulikana sana ni kinyume chake: “Tomorrow after I took the medicine, I will go.” Hili linatokana na 了 le katika 吃了药 chīle yào. Mwanafunzi amezoea kwamba 了 ni wakati uliopita, kumbe inaonyesha tendo kukamilika, hata kesho. Ni sawa na “-kisha-” yetu: nikishakunywa dawa, nitaondoka. Sahihi: “after I take” au “after I've taken”.

Matamshi: silabi ya Kichina sanifu huishia kwa irabu, n, ng, au r. Haiishii kwa k. Kwa hiyo “take” kinapata irabu ya ziada mwishoni, au kinapoteza k na kubaki “tei”. (Sisi husema “teki” kwa sababu ya namna hiyohiyo.) Wazungumzaji wa Kikantoni wana k mwishoni mwa silabi zao, ila huikata bila kuiachia, na sikio la kigeni haliisikii. Tiba ni kuanza na neno linalofuata lenye irabu, ili k ipate pa kushukia: “take a” kama tei-ka, “take it” kama tei-kit, “take off” kama tei-kof. Kikishakaa, nenda kwenye “take my” na “take the”, ambako k inabaki peke yake.

Anaposikia, haelewi

Kuzungumza vizuri si kusikia vizuri. Semi hizi zijaribiwe kwa masikio tu, mwanafunzi aonyeshe kwa vitendo: “Take a seat” (akinyanyua kiti, umepata jibu lako), “Take the second left”, “Take three from ten”, ambayo ni kutoa, 减 jiǎn. Za dukani na mgahawani: “Can I take your order?”, “What size do you take?”, “Do you take sugar?”, “Do you take M-Pesa?” Ya mwisho haimaanishi kwamba muuzaji anachukua simu ya mtu. Anaulizwa kama anapokea malipo hayo.

“Take your time” huweza kumtia mtu wasiwasi kwamba analaumiwa kwa kupoteza muda. Mpe 慢慢来 mànmàn lái, taratibu tu, na atatulia. Na mgeni akiondoka, mwenyeji wa Kichina humwambia 慢走 màn zǒu, neno kwa neno “tembea polepole”. Anapotafsiri anapata “Walk slowly”, na mgeni anatazama chini kama kuna utelezi. Kiingereza chake ni “Take care”. Bila of, likiwa ni la kuagana. Pamoja na of, likiwa ni la kutunza: “take care of the baby”, “take care of yourself”.

Tiba ikizidi kiasi

Wiki mbili baada ya somo la mkokoteni, tarajia “take a mistake”, “take a party”, “take homework”, “take a phone call to my boss”. Usishtuke, mwanafunzi amepokea wazo na sasa analinyoosha kupita mpaka. Mistake na decision huenda na make, homework na do, party na have. Simu ina pande mbili, na Kichina kinazijua: anayepiga, 打 dǎ, anafanya “make a call”, anayepokea, 接 jiē, anafanya “take a call”. Mtihani ni “take an exam” kwa anayeufanya. Asipoujua usemi huo atasema “join an exam”, kutoka 参加考试 cānjiā kǎoshì.

Changanya kadi za take na kadi za make, do na have katika mafungu ya ishirini, nomino juu, kitenzi chini. Rudia siku ya pili, ya saba na ya ishirini na moja. Kadi iliyokosewa mara tatu iondoe kwenye fungu, mrudishe kwenye pinyin, upige mstari chini ya kitenzi upya. Mara nyingi utakuta kitenzi cha Kichina ambacho hukukiona mara ya kwanza.